Nusu ya Punguzo

Mwenye Duka hakuwahi kushindwa kubishana bei, isipokuwa kwa makusudi. Mteja akitaka kitenge, yeye alianza na bei ya kutisha. Wakavutana, wakakumbushana njaa, ada za shule na vita, mteja akageuka kutoka, akaitwa arudi, na mwishowe Mwenye Duka akashusha mikono na kusema, "Basi, chukua, umenimaliza." Mteja akishakishika kitenge, huku anatabasamu kwa ushindi, ndipo lilipotoka chini ya meza kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliotobolewa.

"Nimekupunguzia mia nne," alisema. "Mia mbili ni zako. Mia mbili ni za wanawake wenye kansa ya titi. Tia hapa."

Alisema "titi" kwa sauti ile ile ya kusema "sabuni". Enzi hizo pale Gikondo, mtaani kwetu Kigali, neno hilo halikutamkwa dukani. Watu walisema ugonjwa wa kifua, na aliyesikia akadhani ni kifua kikuu, akasogeza kiti. Mimi, niliyekuwa na mke na watoto wawili na cherehani ya miguu, nilikuwa nikilisikia neno hilo nainamisha kichwa na kujifanya natunga uzi kwenye sindano.

Cherehani yangu ilikaa barazani kwake, hatua tatu kutoka kwenye meza yake, tangu mwaka 1990. Nilimlipa kodi ya baraza na yeye akanipa wateja na maneno makali. Kwa hiyo ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, ingawa mara nyingi sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Niseme mapema jambo lenyewe, msomaji asije akahangaika. Katika miaka hiyo mke wangu alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Mwenye Duka. Wa mwisho nilikuwa mimi, niliyelala naye kitanda kimoja na kujiita bingwa wa vipimo vya wanawake. Daktari alitaka akatwe mapema, naye alikuwa anakataa, na sababu ya kukataa kwake ilikuwa inakaa barazani, inashona na kupiga porojo.

Lakini nimeahidi kumwelezea Mwenye Duka, si kujieleza mimi. Tatizo ni kwamba kila nikimtazama yeye najikuta nimekaa pale pembeni na domo langu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, aliyefunga kilemba chake upya kila baada ya saa mbili. Kiatu chake kilikuwa safi hata msimu wa mvua, wakati barabara ya mbele ya duka ilipokuwa tope jekundu na mafundi wa magereji ya jirani wanapita na magunia miguuni. Hakuketi mteja akiwa amesimama. Alikunywa chai ya tangawizi bila sukari na kutudanganya kwamba ni kwa afya, kumbe sukari ilikuwa imepanda bei na yeye hakutaka tujue kwamba inamuuma.

Alikuwa bahili. Sitamsafisha kwa sababu ya kopo. Ubao wake wa kupimia kitambaa ulikuwa mfupi kuliko yadi, na Gikondo nzima ilijua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mateso yalinifikia mimi. Mwanamke alinunua yadi sita, akaniletea yadi tano na kitu, akataka gauni lile lile la jirani yake. Nilipunguza mikono, nikapunguza marinda. Baada ya mwaka mmoja mikono mifupi ikawa fasheni mtaani petu, na watu wakasema imetoka Kinshasa. Mimi nikanyamaza na kupokea sifa.

Kila kitenge chake kilitoka Uholanzi. Hata kile nilichomwona akikipokea kutoka kwa dereva wa lori, chenye karatasi ya kiwanda cha nchi jirani kabisa, kilipofika kwenye rafu kilikuwa kimeshatoka Uholanzi. "Iko na harufu ya Ulaya," alimwambia mteja. "Nusa." Na mteja alinusa.

Mtu wa namna hiyo anapotoa kopo la msaada, unajiuliza pesa zinaenda wapi. Nilijiuliza sana, na kwa sauti. Niliwaambia mafundi wa gereji kwamba kansa ya Mwenye Duka huenda iko kwenye viatu vyake. Walicheka, nami nikaongeza. Siku chache baadaye nilimwona mama mmoja wa kijijini akifika barazani na barua ya hospitali mkononi. Mwenye Duka akalimwaga kopo zima mbele yake, akaongeza noti mbili kutoka kwenye mfuko wake wa ndani, na kumpa pamoja na pamba, bandeji na kilo mbili za unga. Sikuwarudia mafundi kusahihisha. Utani ukishapendwa ni vigumu kuurudisha.

Kopo lenyewe lilibadilisha biashara. Wapo wateja walioacha kabisa kuomba punguzo, ili wasilazimike kutoa. Wapo walioomba punguzo kubwa zaidi kwa sababu sasa waliona wana haki, wanapigania wagonjwa. Mama mmoja muuza nyanya alibishana nusu saa, akapunguziwa, kisha akatia punguzo lote ndani ya kopo. Akabaki amelipa bei ile ile ya mwanzo, lakini aliondoka na furaha kama mtu aliyeokota pesa. Mwenye Duka alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. "Huyu," alisema, "angekuwa mume ningeolewa naye."

Kwa nini alianza, aliniambia mara moja tu, na wala hakunitazama. Dada yake alificha uvimbe chini ya kanga kwa miaka miwili. Alipakwa dawa za majani mpaka chumba kikawa hakiingiliki. "Alikuwa anasema, nitaonyesha mwanamume wa hospitali titi langu? Akaonyesha waosha maiti," alisema, kisha akaita mteja wa nje.

Hapo unaweza kudhani alikuwa shujaa wa hospitali. Hakuwa. Aliwasindikiza wanawake mpaka kwenye geti na hapo miguu ikagoma. Harufu ya dawa ilimlegeza, na damu hata ya kuku ilimwangusha. Mgonjwa alipokuwa anaingizwa ndani, Mwenye Duka alibaki getini chini ya mwavuli, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, aliwauzia wauguzi vitenge. Nao wakaomba wapunguziwe. Jioni alirudi na kopo limejaa zaidi.

Sasa nifike kwenye upuuzi wangu mkubwa.

Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye alikuwa ametoka kukatwa titi moja. Alikuja barazani na kitambaa cha kijivu, akaomba gauni lisilobana. Nilimpima haraka, macho yangu yakiwa kwenye paa la gereji. Alipoondoka tu, niliwageukia mafundi. "Huyu nitamtoza nusu bei," nilisema, "maana nashona upande mmoja." Walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Utani ulinipendeza sana, nikaubeba mpaka nyumbani, nikamsimulia mke wangu wakati wa kula. Alicheka kidogo, akasema chakula kinaungua, akaenda jikoni. Chakula kilikuwa mezani mbele yetu. Hilo sikuliona.

Wiki moja baadaye Mwenye Duka aliweka juu ya cherehani yangu kipande cha pamba nyeupe laini, cha kweli, si cha Uholanzi wake.

"Fundi, kuanzia leo utashona matiti."

"Nitashona nini?"

"Matiti, sha. Ya kuvaa ndani ya sidiria. Wanawake wakikatwa wanajaza soksi, soksi inatembea. Wanashinda ndani kwa aibu. Wewe ni fundi, sindiyo?"

Nilikubali, na nitasema kwa nini. Nilidhani amekiona kipaji changu. Kazi nyeti hupewa mkono mwepesi, nilijiambia, na pale Gikondo hakukuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Nilitembea kwa maringo wiki nzima. Malipo yalikuwa kwamba hatapandisha kodi ya baraza, jambo ambalo baadaye nilikumbuka hakuwa ametishia kulifanya.

Mwanzoni nilipima nikiwa nimefumba macho. Tuliweka pazia nyuma ya rafu, mwanamke alikaa ndani, Mwenye Duka alishika futi na kunitajia namba nami nje naandika. Alitaja kwa sauti ya mnadani. Mafundi wa gereji wakawa wanaijua miili ya nusu ya mtaa. Nikamwomba apunguze sauti.

"Basi ingia uone mwenyewe," alisema. "Unashona kitu hujakiona? Suruali unashona hujaona miguu?"

Niliingia. Hapo alinifundisha maswali, na hakuniruhusu kuruka hata moja. Inauma wapi? Kovu linaanzia wapi, linaishia wapi? Mshono wa fundi usikanyage mshono wa daktari. Mkanda wa sidiria ukivutwa, unavuta wapi? Ukiinua mkono kutwika mzigo, nini kinatokea? Na pima titi lililobaki, maana hilo ndilo linaloamua. Mara tano za kwanza nilitokwa jasho. Mara ya kumi niligundua kwamba nilikuwa nauliza bila kuangalia pembeni, na kwamba wanawake walikuwa wananijibu.

Matiti yangu ya kwanza yalikuwa ya sponji, na yalikuwa mepesi mno. Mwanamke akiinua mikono kushika kikapu kichwani, upande mmoja ulipanda mpaka karibu na bega. Kilihitajika kitu chenye uzito, laini, kinachofuata mwili. Nilifikiri siku mbili kisha nikapata jibu ambalo nililiona la kitaalamu. Mtama. Punje ni ndogo, zinatiririka, zina uzito mzuri. Nilimjazia mama mmoja muuza mkaa wa nyuma ya magereji, akavaa, akatembea, akainua mikono, na kitu kikatulia mahali pake. Nilijisifu mpaka magharibi.

Ilikuwa msimu wa mvua za masika. Mtu yeyote aliyekulia Rwanda anajua jinsi ya kuandaa mtama wa pombe: unauloweka, unaufunika mahali pa joto, unasubiri. Mimi, niliyeyaona hayo tangu utoto, nilimpa mwanamke mtama, nikampeleka kwenye mvua na gunia la mkaa kichwani, na joto akalitoa yeye mwenyewe.

Alirudi siku ya nne.

"Fundi," alisema, "hii kitu yako iko inamea."

"Inamea vipi?"

"Iko na majani. Rakini mimi sikuomba shamba."

Alikiweka juu ya cherehani. Vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetoboa pamba yangu laini pande zote. Mwenye Duka alitoka nje, akatazama, akanitazama mimi. "Mimi ni mtu wa kuswali," alisema pole pole. "Umenifungulia kiwanda cha pombe barazani." Kisha wote wawili walicheka mpaka muuza mkaa akaketi chini kwenye ngazi. Kesho yake mtaa mzima ulijua, na mafundi wakawa wananiuliza kama mahindi nayo yapo.

Ni mafundi hao hao walioniokoa. Mmoja wao, yule aliyewahi kuangusha spana, aliniletea mkebe wa gololi za beringi zilizochakaa, ndogo, laini, zimeoshwa kwa petroli na sabuni. "Jaribu hizi," alisema, akaona haya, akaondoka. Nilizichanganya na pamba ya sufi, gololi chini, sufi juu. Hazikumea. Kuanzia siku hiyo magereji yakawa yanatuwekea beringi mbovu, na sikumsikia tena fundi yeyote akitaja nusu bei. Ningependa kusema mimi ndiye niliyewabadilisha.

Siku moja mwaka 1992 tulikuwa tunapeleka mzigo hospitalini, Mwenye Duka na mimi, na mimi nimebeba mfuko. Tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara. Enzi zile za vita vizuizi vilikuwa vingi, na hakuna aliyejua askari wa siku hiyo ameamkaje. Kijana mmoja mwenye bunduki aliingiza mkono kwenye mfuko wangu, akatoa titi. Akalibonyeza. Gololi zikalia ndani.

"Iki ni nini?"

"Mto wa sindano," nilisema. Ulimi ulijisemea wenyewe. "Mimi ni fundi cherehani, afande."

"Mito tisa?"

"Nina sindano nyingi."

Alianza kutafuta mahali pa kulichana. Niliwaza watasema ni risasi. Mwenye Duka akasogea mbele, akamnyooshea mkono wazi kama anayeomba chenji.

"Ni titi, mwanangu. La mama wa watu aliyekatwa la kwake. Usichane, fundi atanitoza tena."

Yule kijana alimtazama, kisha akatazama kilichokuwa mkononi mwake. Alikirudisha mfukoni kwa mikono miwili, akaukunja mdomo wa mfuko vizuri, akatupungia tupite. Tulipofika mbali Mwenye Duka aliniuliza sindano zangu zote hizo naziweka wapi. Aliniuliza tena kesho yake, mbele ya wateja.

Nimesema kwamba sikuelewa nilichokuwa nakiona. Miezi hiyo mke wangu alikuja dukani mara kwa mara, akaingia ndani na Mwenye Duka, wakazungumza kwa sauti ya chini. Nilidhani ananunua kitenge cha kunishangaza. Nyumbani aliniuliza habari za kazi. Nilimsimulia mtama, nilimsimulia kizuizi, na safari hii aliyechekwa katika hadithi alikuwa mimi. Aliniuliza, "Na wale wanawake?" Nikamwambia mmoja ana kovu linalopinda kwapani, nalazimika kukata kitambaa kwa mviringo. Mwingine anaogopa mume wake asimguse. Mwingine hana shida yoyote, anaimba kwaya, anataka tu lisicheze akiimba. Alisikiliza bila kula. Nilifurahi kwamba mke wangu amependa ushonaji.

Kisha ikaja alasiri ya Alhamisi. Mke wangu alifika barazani amevaa gauni lake zuri, akasimama kwenye foleni nyuma ya wateja wawili. Nilimkonyeza. Akaangalia mbele. Zamu yake ilipofika nilimuuliza kama nyumbani kumekosa fundi.

"Nipime titi la kushoto," alisema. "Wataliondoa Jumatatu. Mama wa duka amesema ni bora ulipime likiwepo."

Nilisikia maneno, lakini hayakukaa. Mwenye Duka alikuwa amesimama mlangoni. Aliwaambia wateja wote watoke, wote, hata aliyekuwa ameshika pesa mkononi, akafunga milango ya duka mchana kweupe. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akifunga duka mchana. Mtu aligonga nje, akagonga tena, naye hakufungua.

Nyuma ya pazia nilishika futi. Nilipima, nikasahau namba. Nilipima tena, nikasahau. Nilitaka kumwuliza tangu lini, na kwa nini hukuniambia, na nilitaka kukasirika, maana hasira ingenisaidia. Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa swali nililolizoea.

"Inauma wapi?"

Alinishika mkono akauweka hapo. Uvimbe ulikuwa mgumu kama punje ya harage chini ya ngozi, ila mkubwa zaidi. Nililia. Yeye hakulia, alinishika kichwa. Mwenye Duka, upande wa pili wa pazia, alisema kwa sauti yake ya mnadani, "Andika namba, Fundi. Machozi utalia nyumbani, hapa ni kazini."

Nikaandika.

Alikatwa Jumatatu. Wodi ya wanawake haikutaka mwanamume awe murwaza, mtu wa kukaa na mgonjwa na kumlisha, lakini mwalimu wa gauni la kijivu alikuja akawaombea, akakaa zamu ya usiku na mimi nikashika mchana. Sikumwangalia usoni mwalimu huyo kwa siku tatu. Siku ya nne alinipa nusu ya chungwa lake, na nikalila. Mwenye Duka alikuwa getini kila siku na mwavuli wake, akinituma ndani na uji na kuniuliza nikitoka, "Amekula? Amekunywa? Ametukana mtu? Akianza kutukana, amepona."

Mke wangu alipona, na alirudisha matiti matano niliyomshonea. La kwanza liko juu, la pili linamwasha, la tatu eti limenuna. La sita alilivaa bila kusema neno. Kwake hiyo ndiyo sifa.

Kuhusu Aprili ya 1994 na miezi iliyofuata sitaandika mengi hapa, kwa sababu makala hii ni ya mtu anayejicheka, na hayo hayachekwi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipita Gikondo nyumba kwa nyumba. Mwalimu wa gauni la kijivu aliuawa. Muuza mkaa aliuawa. Wanawake ambao Mwenye Duka aliwapigania faranga kwa faranga, wakavumilia kisu cha daktari na wakapona, waliuawa na watu waliowajua kwa majina. Mke wangu na mimi na watoto tulibaki hai. Duka lilivunjwa milango, rafu zikabebwa, cherehani yangu ikaenda. Hatukujua Mwenye Duka yuko wapi, wala kama yuko.

Tulimpata mwishoni mwa mwaka ule, kwenye njia panda ya Sonatubes. Kigali ilikuwa imejaa watu wapya waliorudi kutoka Uganda na Tanzania. Mke wangu na mimi tulikuwa tunapita kwa miguu, na nikasikia sauti ikibishana. Alikuwa amefunga kamba kati ya nguzo mbili, vitenge vinne juu yake. Amekonda, kilemba ni kipande cha shuka, viatu vina vumbi. Mteja alikuwa kijana wa kutoka Kampala, anauliza ni shilingi ngapi.

"Shilingi uliacha Uganda," alimwambia. "Hapa ni faranga. Na hii imetoka Uholanzi."

Alipomwona mke wangu aliacha kitenge kikaanguka. Walishikana mpaka yule kijana akaona haya akasogea pembeni. Mwaka ule watu walipokutana waliogopa kuulizana. Mwenye Duka alimshika mke wangu mabega, akamtazama, akaweka kiganja pale upande wa kushoto, juu ya nguo, mbele ya barabara nzima.

"Linakaa vizuri," alisema.

Nilidhani ni zamu yangu kupokea sifa. Na labda nilitaka tu tuseme kitu chochote chepesi, hata kama ni mimi wa kuchekwa.

"Mama, tukianza tena utahitaji fundi hodari," nilisema. "Ulijua kuchagua."

Mwenye Duka alimtazama mke wangu. Mke wangu akatazama chini, na nikaona midomo yake inacheza.

"Hujamwambia?" Mwenye Duka aliuliza.

"Sijamwambia, Mama."

"Fundi," alisema Mwenye Duka, "nilikuwa na mtu mtaa wa Gatsata, mwanamke, alikuwa ameshona matatu kabla yako. Safi kabisa. Hakutaka hata kodi ya baraza. Nikamwambia apumzike kidogo."

"Apumzike kwa nini?"

"Kwa sababu huyu," akamgusa mke wangu, "alikuja kwangu akasema, sitakatwa, nyumbani iko mtu anacheka. Nikamwambia, niachie huyo mtu miezi michache, nitamzoesha."

Mke wangu alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa mkono, akashindwa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Machi. Nilisimama pale katikati ya Sonatubes, watu wananipita na mizigo yao, bingwa wa vipimo vya wanawake. Nilimwacha acheke. Ningeweza kusimama pale mpaka jioni.

Alipotulia nilimwuliza Mwenye Duka, kwa sababu ilibidi nimwombe radhi mtu fulani, "Na yule wa Gatsata? Yuko wapi sasa?"

Mwenye Duka aliinama, akaokota kitenge kilichoanguka, akakipangusa vumbi, akakikunja. Alikikunja tena.

"Hayupo," alisema.

Mke wangu aliacha kucheka. Magari yalipita. Mwenye Duka alikitundika kitenge kwenye kamba, akakinyoosha pembe.

"Kuna mama mmoja kule kambini kwa waliopoteza nyumba, amekatwa mwaka jana, anajaza matambara," alisema bila kunigeukia. "Safari hii sina mwingine, Fundi. Safari hii ni wewe kweli."

Sikuwa na cherehani. Nilimwambia nitashona kwa mkono.